Uji Uliokataa Kulegea

Miguu yangu ilikuwa sawa. Tumbo ndilo lilinishinda. Kwetu Kilungu tunakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na nikikimbia mlimani baada ya hapo tumbo hujaa hewa na kunibana mpaka nasimama.

Kocha alisema atapeleka kijana mmoja kwenye kambi ya mazoezi, yule atakayeshinda mbio za mlimani. Tulibaki wawili, mimi na mtoto wa mjomba, ambaye tumefanya mazoezi pamoja tangu tukiwa wadogo. Yeye ndiye alikuwa akiongea kwa niaba yangu mbele ya watu, kwa sababu mimi huona haya.

Siku moja alirudi kutoka mjini Emali na chupa ya vidonge vya ganda, vyenye unga ndani.

"Hii ni ya wanariadha. Inakusaidia kusaga chakula. Huniamini? Leta uji."

Nilileta uji wa asubuhi, mzito, kijiko kinasimama. Akaupasha moto kidogo tu, akafungua kidonge, akamwaga unga na kukoroga. Tukangoja. Uji ukalegea mpaka ukawa kama chai ya maziwa.

"Umeona? Sasa hata maharagwe za mamako zitanyooka!"

Nilicheka sana. Kesho yake aliniletea vyangu, vimefungwa kwa karatasi.

"Meza, halafu usijinyime, bro. Siku ya mbio kula ushibe."

Siku hiyo nikameza, nikala nikashiba. Kwenye mwinuko wa mwisho tumbo lilinikaza, nikashika nguzo ya ua wa mtu nikiwa nimeinama. Alinipita akisema, "Pole, bro! Pumua!" Nilimshukuru moyoni kwa hilo neno. Yeye akaenda kambini.

Vidonge vilivyobaki niliviweka tu. Halafu Susu, nyanya yangu, akaugua, na hana meno. Uji wake ulikuwa umeganda. Nikaupasha moto kidogo kama nilivyoonyeshwa, nikamwaga unga wa kidonge, nikakoroga, nikangoja. Nikaongeza kingine. Kijiko kilisimama vilevile.

Nikaweka unga kidogo kwenye ulimi. Ulikuwa unga wa mahindi, ule wa kusagwa posho mill, ule wa sima.

"Unatafuta nini kwa uji wangu?" Susu akauliza.

"Hakuna, Susu."

"Basi leta. Mzito ndio unakaa tumboni."

Nilimlisha polepole. Akilini nilikuwa nikimwona binamu yangu amekaa kwao, anafungua kidonge kimoja kimoja, anamwaga, anajaza, anafunga. Hiyo si kazi ya haraka. Alikuwa na muda wa kubadilisha nia.

Alikuja kututembelea akiwa na tracksuit mpya. Mama alifurahi, akaniambia nimpe mgeni uji. Niliupika mzito. Ulipopungua moto nikauweka mbele yake, nikatoa kidonge cha mwisho mfukoni, nikakifungua, nikamwaga unga juu.

"Wee, hiyo ni ya nini?"

"Ulegee," nikasema.

Nikampa kijiko. Hakukoroga. Aliangalia kikombe, mimi nikiangalia mikono yake.

Mama akarudi kutoka jikoni. "Na mbona hunywi, mwanangu?"

"Bado ni moto, shangazi," akasema.

Ulikuwa umeshapoa kitambo, umefanya ngozi juu.