Shimo Nililolinyamazia

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana mvua ilikuwa imetunyeshea tangu Bunia, na moyo wangu ulikuwa mchafu kuliko tope la njia. Nilikuwa na miaka ishirini. Korali yetu ilikuwa ikienda Fataki kuimba kwenye mkutano wa kanisa, malori matatu yakifuatana, siye tumeketi juu ya magunia ya maharage.

Kwa miaka minne mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo. Kisha akaja Neema, binti mwembamba aliyehamia kwetu kutoka Kisangani. Akafungua mdomo mara moja tu, watu wakasahau kwamba hata mimi nina sauti. Mama Rasheli, mkubwa wa korali, akampa wimbo wangu. Njiani, kila tulipokwama, Neema alijizoeza, na watu wa malori mengine wakaja kumsikiliza. Mimi nilikuwa natafuta kosa lake. Sikulipata, na hilo ndilo lililoniuma. Tena alinipenda! Alinimegea muhogo wake, akaniita yaya, dada yake mkubwa. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi sikukonda, mwanangu, nilivimba.

Mbele ya Iga Barrière tukakuta mto umefurika, daraja la magogo limechukuliwa. Mashofere wakasema watu washuke, wavuke kwa miguu ili malori yawe mepesi. Mto ule niliujua, kwani kwao mama yangu ni pale karibu. Upande wa chini kulikuwa na mawe mapana ya kukanyagia. Upande wa juu wachimba dhahabu walikuwa wameacha shimo refu kuliko mtu, na siku hiyo maji mekundu yalilifunika. Nikapita haraka kwenye mawe, wa kwanza, bila kumwonyesha mtu.

Neema akaita kutoka ng'ambo: "Yaya! Nipite huku juu? Iko muzuri?"

Nilimsikia. Nikainama kukamua kikwembe changu.

Akaingia. Hatua tatu, ya nne akazama, hata kichwa hakikuonekana. Na nitakuambia jambo nililolificha miaka mingi: kabla hofu haijanifika, kitu kidogo ndani yangu kilipumua. Ndipo nikapiga yowe. Shofere mmoja alijitupa na kamba, akamvuta kwa mkono akiwa amemeza maji mengi.

Tulipofika Fataki, Neema alikuwa akikohoa, sauti imekauka. Wimbo ukarudi kwangu. Niliimba vizuri, mwanangu, watu wakapiga vigelegele. Nikatoka, nikaenda kulia nyuma ya kanisa.

Mama Rasheli alinikuta pale. "Weye ni mutoto wa kule mutoni. Lile shimo ulikuwa unalijua?"

"Nililijua, mama."

"Basi usinililie miye. Enda umwambie yeye."

Neema alikuwa amelala kwenye mkeka, uji umepoa kando yake. Nikamwambia yote. Akasema kwa sauti ile iliyokwaruza: "Nilikuona umenisikia. Nikawaza, yaya hawezi kunyamaza kama pale iko mubaya. Ndiyo sababu nilipita."

Baadaye alinisamehe, na sauti yake ikarudi. Lakini hakuniita yaya tena hata siku moja.

Basi sikia, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukiona mwenzako amekupita na moyo unawaka, usikae nao peke yako. Mpelekee mkubwa unayemwamini, umwambie waziwazi: nina wivu. Aibu yake ni ya siku moja. Na unayemwonea wivu akikuuliza njia, mjibu kwanza, mengine utayapigania nyumbani. Usijidanganye kwamba hukusema neno. Anayekuamini husikia hata kimya chako.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe kipawa chako, akupe na wenzako wa kukupita, na usiku ulale usingizi mzuri.