Ua la Kushoto

Jirani yangu seremala, Mlamu aliyetuhamia kutoka Bloomington, Marekani, hawezi kutulia. Hata akikusalimia, kipande cha msasa ki mkononi. Aliposikia jiji litapanua eneo la nyumba za kale hadi mtaa wetu, na kwamba kubadili sura ya nyumba kutahitaji kibali, alikimbilia kutundika mlango wa nakshi za maua aliouchonga mwenyewe. Niliubeba mimi, peke yangu, na shahidi ni mgongo. Sheria ikapita, karani akaja, akaupapasa mlango, akaandika: wa kale, usiguswe.

“Hongera, fundi!” nikamwambia.

“Hongera gani, ami? Ua la kushoto sijalimaliza!”

Sasa kila asubuhi anasimama mbele ya ua lile, mkono mfukoni, akisugua. Suruali imeshatoboka.