Kibanda Kisichotukana

Kama hujapita Kisenyi ya Kampala siku nyingi, usiende huko kutafuta kitu cha zamani. Mimi nilikwenda mwaka huu, nikasimama mbele ya nyumba niliyokulia na nusura niipite. Nyumba ya Bibi, mama yake baba, sasa ni duka la vipuri vya magari. Pale barazani alipokuwa akiuzia kabalagala, vile vitumbua bapa vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, pamepangwa matairi mpaka juu. Nilivuta pumzi nikitafuta angalau harufu, nikapata ya oili tu.

Nilikuwa natafuta filamu. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago, kiharusi kimemfunga ulimi. Nilijiambia kwamba nikimpelekea filamu ya mwisho aliyoionyesha kwa Bibi, pengine kitu kitafunguka. Siku hizi filamu hazitaki nyumba. Zinauzwa na kijana mwenye kompyuta, anakujazia kwenye simu wakati wewe unakunywa soda. Nikamweleza: mtu katoka jela, hana sikio moja, anapigana kwa mwamvuli. Nikasema nataka yenye Kiswahili.

"Nyabo, firimu ya mwamvuli iko," akasema, akiniita bibie kwa Luganda. "Lakini ya Kiswahiri hapana. Kiswahiri nani anataka? Iko ya Luganda, vijei mzuri sana. Na iko hii kavu, haina vijei."

Vijei, kama hukukulia Kampala, ni yule anayeshika maikrofoni na kukusimulia filamu kwa lugha yako huku inakwenda. Ami alikuwa vijei, tena wa Kiswahili. Nilichukua ile kavu, kwa shingo upande.

Kibanda chetu cha filamu kilikuwa uani kwa Bibi: kuta za mbao, bati juu, mabenchi, na televisheni moja yenye mgongo mkubwa. Nje palikuwa na ubao ambao Ami aliandika kwa chaki jina la filamu ya siku hiyo, jina la kutunga mwenyewe, kwa sababu Kichina hakukijua na Kiingereza alikijua kidogo. Walikuja mafundi wa gereji, Wakongo, Wakenya waliofanya kazi kwenye maduka ya jumla, na askari waliokuwa likizo. Wasichana hatukuruhusiwa kuingia. Kazi yangu ilikuwa kuponda ndizi upande wa pili wa ukuta, karibu na jiko la mkaa la Bibi, moshi ukiniingia machoni. Kwa hiyo filamu zote za utoto wangu nilizisikia. Sikuona hata moja.

Bibi alikuwa na sharti lake. Unajua jinsi Kiswahili kilivyo na jina baya mjini kwetu. Watu wa umri wake walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kwa watu wenye bunduki, na mpaka leo ukimwita mtu kwa Kiswahili sokoni anashika mkoba wake kwanza ndipo ageuke. Bibi, ambaye wazee wake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, wakiwa na lugha yao na misahafu yao, jambo hili lilimuuma kila siku. "Kiswahili cha nyumba hii hakijavaa buti," alikuwa akisema. Basi kibandani kwake hakuna kutukana. Anayepita njiani na asikie kwamba lugha hii inaweza pia kusema tafadhali.

Sasa hebu fikiria filamu ya majambazi isiyo na tusi. Jambazi kamwekea mwenziwe kisu shingoni, na Ami anasema, "Bwana, umenivunjia heshima, wala sikulitarajia kwako." Mwingine katupwa kutoka ghorofani: "Jamani, mimi naondoka." Adhana ikianza mashine inazimwa, vita vinasubiri watu waswali. Nilikua nikidhani kwamba majambazi wa Kichina ni watu wenye adabu kupita majirani zetu. Na kwa muda wateja walipenda. Mafundi waligombania spana kwa maneno ya Ami, "Bwana, umenivunjia heshima," wakicheka mpaka wanakaa chini.

Kisha ng'ambo ya barabara kikafunguliwa kibanda kingine, na vijei wake alifasiri kwa Luganda. Mdomo wa mtu yule haukuwa na breki. Wapiganaji wa Kichina aliwapa majina ya wachinjaji wa soko la Nateete, akataja walikonunua viatu, akawatukana wao na wakwe zao. Kicheko cha watu wake kilivuka barabara mpaka kwenye kikaango chetu. Wateja wakahama mmoja mmoja, na waliobaki wakaanza kumchokoza Ami: "Vijei, tukana kidogo basi."

Siku moja akatukana. Tusi lenyewe lilikuwa dogo, leo watoto wanaambiana wakienda shule. Bibi akaepua kikaango, akakiweka chini. Mlio wa mafuta ulipokatika, kibanda kizima kilisikia, kwa sababu walikuwa wameuzoea kama sehemu ya filamu. Ami akasema kwenye maikrofoni, "Tunaomba radhi, huyu bwana ulimi wake umeteleza." Watu walicheka sana. Kesho yake benchi la mbele lilikuwa tupu.

Nimewasikia wasomi wakieleza kwa nini vitu hivi hufa. Vibanda vimeuawa na simu. Taarabu ya harusi zetu za Kisenyi imeuawa na maspika. Zile tamthilia zilizokuwa zikiondoa watu mitaani jioni, eti zimeuawa na wingi wa chaneli. Labda. Lakini kibanda cha ng'ambo kilistawi wakati simu hazijafika, na nilikuwepo. Kiliwapa watu soko lao, majina yao, lugha waliyoamkia nyumbani. Sisi tuliwapa adabu ya mwanamke mmoja, na nani atoe kiingilio kwenda kusikia adabu? Naelewa kabisa, na bado naona uchungu.

Filamu ya mwisho Ami aliiandika ubaoni "Mlango wa Mama". Waliokuja walikuwa wachache, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, mkaa haukutaka kushika. Karibu na mwisho sauti yake ilibadilika, ikawa ya chini. Yule mtu wa mwamvuli, alisimulia, amefika kwenye mlango wa mama yake, na mlango umefungwa.

"Mama, sigongi, kwa sababu nina haya," akasema Ami. "Nimeitwa kazini nyumba ya ng'ambo. Huko nitapata riziki, lakini nitasema maneno uliyonikataza. Nisamehe. Ukinyamaza, nitajua umekasirika."

Niliacha kuponda ndizi. Nilitaka kumsikia huyo mama. Bibi alikuwa akigeuza kabalagala, wala hakuangalia ukuta. Akasema polepole, kama anayeongea na mafuta, "Nenda, mwanangu. Radhi zangu ziko nawe. Ila chakula uje kula hapa."

Nilidhani anaijibu filamu, maana wazee wetu walikuwa wakiijibu hata redio. Muziki ukapanda, filamu ikaisha, mama wa filamu hakujibu. Nilimchukia mwanamke yule siku nyingi.

Wiki iliyofuata Ami alivuka barabara kwenda kufasiri kwa Luganda. Bibi hakulizungumza. Sahani ya Ami aliifunika kwa kawa kila siku, na siku Ami alipokuja walikula kimya, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Kibanda chetu kikawa ghala. Cha ng'ambo nacho simu zilipofika kikafa, na Ami akahamia Nateete kuuza vocha, mtu wa maneno machache kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Bibi alikuwa ameshafariki.

Basi nikakaa kando ya kitanda chake Mulago, nikamshikia simu mbele ya macho. Kwa mara ya kwanza niliiona filamu niliyokuwa nimeisikia. Yule mtu alifika kwenye mlango kwenye mvua, akautazama, akafungua mwamvuli, akaenda zake. Hakusema kitu. Hakuna mama ndani ya filamu ile, mwanzo hadi mwisho. Mlango wenyewe ni wa ghala, una kufuli.

Nikamgeukia Ami. Alikuwa akiutazama mlango ule, na machozi yanamtoka kwenye jicho moja. Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa akizungumza na nani siku ile, na kwamba miaka yote hii alichosikia kutoka upande wetu ni mlio wa kikaango tu.

Nikairudisha filamu mpaka mlangoni. Nikafanya kazi ambayo msichana hakuifanya kamwe katika kibanda chetu. "Mama yake akajibu kutoka ndani," nikasema. "Akasema, nenda, mwanangu. Radhi zangu ziko nawe. Ila chakula uje kula hapa." Mwanamke aliyemuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili aliposikia Kiswahili akavuta mkoba wake karibu. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

Ami alizikwa kabla mwezi haujaandama. Nyumba hatuna, kibanda hatuna, na Kiswahili kile kisichovaa buti nakisema peke yangu jikoni. Sijui kama alinisikia. Nilimtazama sana usoni na sikupata jibu, kama yeye alivyolikosa la mama yake siku ile, mafuta yakilia upande wa pili wa ukuta.