Kikohozi cha Msimu wa Salfa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya msimu wa kupulizia mikorosho. Salfa unaijua: unga unaruka shamba zima, macho yanawasha, koo linakereketa, na hapa kwetu Ziwani hakuna asiyekohoa. Ijumaa ile hata imamu alikatiza hotuba akakohoa, nasi tukamwitikia kwa kukohoa. Basi Bakari wangu, kifungua mimba, hata kutembea bado, alipoanza naye, nikasema kwa kujiamini, "Kikohozi cha salfa hicho, kitaondoka na msimu." Mdharau mwiba mguu huota tende.

Somoe, mke wangu, alikuwa amekwenda mashine kusaga muhogo. Mimi nimeketi uani nimempakata mtoto, na nyuma ya ua wa makuti yuko mama mkwe, amekuja kututembelea kutoka Mahurunga. Mila ya wazee wetu ilikuwa hiyo, mkwe na mkwe hawatazamani. Akipita yeye, mimi nageukia ukutani. Tangu afike nilikuwa naijua kanga yake tu.

Bakari alikuwa amekataa ziwa tangu alfajiri, sasa ametulia kifuani kwangu anakoroma. Nikafurahi, nikadhani usingizi umemchukua. Mara nikasikia sauti nyuma ya makuti.

"Baba Bakari, mtoto huyo halali. Anahangaika na pumzi."

"Ni salfa, mama," nikajibu, macho chini.

"Salfa inakohoza tu. Mvue shati."

Nilipoduwaa akatoka mwenyewe, akamfunua mtoto kifua. Tukaona wote wawili: kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea ndani, na tumbo linakwenda mbio mbio. Niliogopa, mwanangu, hofu ambayo sijaionja tena. Mtoto alikuwa ananifia mikononi, nami nimekaa nambembeleza.

"Lete baiskeli," akasema.

"Mama, watu watasema."

"Hata matangani watasema. Endesha."

Nikaendesha. Mama mkwe kwenye keria, mjukuu kifuani, mkono mmoja kashika shati langu. Kisimani wanawake waliweka ndoo chini wapate kutazama vizuri. Zahanati wakasema ni nimonia, wakamchoma sindano, wakatupeleka mjini kwenye hospitali yenye oksijeni. Somoe alipofika akatukuta, mumewe na mama yake, benchi moja. Alicheka huku analia. Daktari alikuwa ameshatuambia tumewahi.

Sasa nisikilize, maana nawe unalea. Mafua ya kawaida yasikutoe roho. Mnyonyeshe mara kwa mara, aliye mkubwa mpe vinywaji vya uvuguvugu, mfute pua kwa kitambaa safi, mtoe penye moshi wa jiko na vumbi la salfa. Asali usimpe ambaye hajatimiza mwaka. Dawa iliyobaki kwa jirani usiiguse, na ukipewa yako hospitali, mtoto aimalize hata kama ameshaanza kukimbiza kuku. Chanjo zake zisimpite, kinga ni bora kuliko tiba. Lakini ukiona anapumua haraka haraka, kifua kinabonyea, anakoroma yu macho, midomo inabadilika rangi, hanyonyi, au amelegea haamshiki, usingoje mume, usingoje kesho, wala usiulize ni msimu wa nini. Mvue shati, tazama kifua, uondoke saa hiyo hiyo.

Tuliporudi nyumbani, mama mkwe alijitanda kanga yake, nami nikageukia ukutani kama kawaida. Adabu ilikuwa palepale, haikuvunjika hata kipande. Na Bakari ndiye huyo refa wa mpira kule Ufukoni, anapuliza filimbi mpaka wachezaji wanaziba masikio. Wao humlaani, mimi humshukuru Mungu.

Nenda salama, mwanangu. Mola akujaalie watoto wenye pumzi ya kukupigia kelele, na akupe mkwe asiyeogopa maneno ya watu.