Daftari la Mbolea

Mtaa mzima ulimwita Sista Dozi, na jina hilo hakulipata kwa kubahatisha. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, na katika miaka yote hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepewa dozi mara mbili zamu yake ikiwapo. Alikuwa na sheria zake. Kila siku inafunguliwa kwa ukurasa mpya wa daftari. Kila dozi inaandikwa saa, kipimo na saini, papo hapo, si baadaye ukishakunywa chai. Na muuguzi anayeshika sinia ya dawa huku akiuliza leo tarehe ngapi, huyo anaweka sinia chini na kwenda kuosha mabakuli ya matapishi. Wapo wauguzi wakubwa leo, wenye wajukuu, ambao ukiwauliza tarehe ghafla bado wanasimama wima.

Sasa mtu wa namna hiyo mstaafishe, mpe nyumba ya vyumba vitatu, mume mmoja aliyekuwa dereva wa malori na ua moja la chungu, halafu uone kama kuna atakayepumua humo ndani.

Ua alipewa na wenzake wa wodini siku ya kuagwa. Lilikuwa na majani manene yenye vinyweleo laini na maua madogo ya zambarau yaliyosongamana katikati. Aliliweka kwenye dirisha la sebuleni, penye mwanga lakini pasipochomwa na jua, kama kikaratasi chake kilivyoagiza. Kikaratasi hichohicho kiliagiza mbolea ya maji: kifuniko kimoja cha chupa katika lita moja ya maji, mara moja kila wiki mbili. Basi. Hata mtoto wa chekechea angeweza kufuata.

Lakini mwaka huu ua lilikuwa limenuna. Miezi mitatu halikutoa hata tumba moja. Kingo za majani zilikuwa za kahawia kama zimepitishwa motoni, majani machanga yalijikunja katikati yasitake kufunguka, na juu ya udongo palitanda ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika kuukuu. Sista Dozi aliukwaruza kwa ukucha, akaunusa, akashika kiuno.

"Kuna mtu humu ndani anazidisha mbolea," alitangaza.

Humu ndani walikuwa wawili tu, kwa hiyo tangazo lilikuwa na mlengwa mmoja, naye alikuwa amekaa kwenye kochi anamenya chungwa.

"Si mimi," Mzee alisema.

"Nani basi? Mjusi?"

"Labda ni udongo wenyewe, mama watoto."

"Ehee! Udongo umeshuka dirishani, umefungua kabati, umejipimia kifuniko, umerudi kulala. Nimeolewa na nani mimi!"

Mzee alitazama chungwa lake. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, kisha akatia kipande cha chungwa.

Ingekuwa ni ua tu, pengine angelitupa na kununua jingine. Lakini mwezi uliotangulia Mzee aliinuka mezani akaenda chini kama gunia. Presha ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Pale kliniki, daktari aliuliza mara mbili kama kweli mgonjwa anameza kidonge kimoja kwa siku na si viwili, na binti yao, kifungua mimba, akageuka kumtazama mama yake. Jioni ndipo akapiga simu.

"Mama, naona Baba aje akae kwangu kwa muda. Dawa nitakuwa nampa mimi."

Damu ilimchemka Sista Dozi mpaka masikio yakawaka. Kufundishwa kutoa dawa na mtoto aliyemnywesha dawa ya minyoo kwa kumbana pua! Tena "kwa muda" hiyo aliijua vizuri. Wazee wangapi wodini waliondoka kwenda kwa watoto wao kwa muda, na wake zao wakabaki na nyumba na redio? Miaka arobaini na miwili alikuwa amelala ubavuni mwa yule dereva na koromo lake. Hakuwa tayari kumwachia mtu.

"Nipe mwezi mmoja, kisha njoo Jumapili," alimwambia binti. "Uje uone mwenyewe nyumba yangu inavyoendeshwa."

Ndiyo sababu ua lile lilimtia wazimu. Binti angeingia, jambo la kwanza angeona ni dirisha, na dirishani kuna mgonjwa aliyeunguzwa kwa kuzidishiwa dozi. Mtu hahitaji kwenda shule kuunganisha mambo hayo.

Basi akatega mtego. Alichora mstari kwa kalamu kwenye chupa ya mbolea, palepale maji yalipoishia. Akanunua daftari jipya, akalifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza ya dirishani, akamsomea mumewe amri: atakayegusa mbolea aandike saa, kipimo na saini. Siku mpya, ukurasa mpya.

"Hata mimi nitasaini," alisema, "usije ukadai naonea watu."

Siku ya nne mbolea ilikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole. Sista Dozi alipandwa na mori. Alianza na jirani yao, fundi cherehani, aliyekuwa na mazoea ya kuingia bila hodi.

"Mimi? Mimi nilileta maganda ya mayai mwaka juzi," fundi alijitetea, pini amezibana mdomoni. "Ukanifukuza nayo. Sijagusa tena."

Akarudi kwa mumewe. Akamnusa vidole kama vina harufu ya mbolea. Akaihamishia redio dirishani ili amvizie akija kuifungua, kisha akagundua kuwa amempa kisingizio cha kupita pale, akaiondoa. Siku ya tisa chupa ilifika nusu. Mzee hakubisha tena. Alimenya machungwa huku anamtazama, na macho hayo yalimuudhi kuliko maneno.

Jumapili binti alifika na mfuko wa matunda. Kama ilivyotarajiwa, macho yake yalikwenda dirishani kwanza.

"Naona unaona," Sista Dozi aliwahi. "Kaa chini. Leo baba yako anakiri mbele yako. Fungua hilo daftari usome kwa sauti. Tutaona nani ametia mbolea na nani ametia mbolea bila kusaini."

Binti alikata uzi, akafungua.

"Jumatatu. Saa mbili asubuhi. Kifuniko kimoja. Imesainiwa."

"Hiyo ni yangu. Ndiyo dozi halali. Funua."

"Jumanne. Saa mbili na robo. Kifuniko kimoja. Imesainiwa."

"Unaona! Saini ya nani?"

Binti aliinamia ukurasa. Akafunua. Alhamisi. Ijumaa. Jumapili. Jumatatu tena. Sauti yake ilizidi kupungua, hadi Sista Dozi akainuka.

"Mbona unanong'ona kama uko msibani? Kwenye simu una maneno tele! Saini ya nani?"

"Yako, Mama."

Alimpokonya daftari. Alifunua mbele, akafunua nyuma. Mwandiko ulikuwa wake, ulionyooka, saa na kipimo, herufi mbili za saini na mkia uleule ambao duka la dawa la hospitali liliutambua kutoka mbali. Kila siku alifungua ukurasa mpya, na ukurasa mpya hauna jana. Kurasa tisa zilikuwa na saini yake. Alikumbuka moja.

Aliogopa. Hakuwa ameogopa namna ile hata siku alipozaa. Akamgeukia mumewe, kwa kuwa hasira ndiyo aliyoijua.

"Na wewe ulikuwa unaniona?"

"Nilikuona."

"Ukanyamaza!"

"Nilikwambia mara ya kwanza kabisa. Ukasema dereva hamfundishi muuguzi dozi." Mzee alitia mkono kwenye mfuko wa shati akatoa kiberiti, akakisukuma juu ya meza. "Fungua tu. Si njiti."

Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe vya presha, saba, vingine vimelika pembeni kwa mate.

"Tangu siku ile nilipoanguka najihesabia mwenyewe," alisema. "Kikija cha pili nakiweka chini ya ulimi. Ukigeuka nakitoa."

Sista Dozi, aliyewaamuru wanaume wa wodi nzima wafungue midomo, akawaambia nyanyua ulimi nione, hakuwahi kumwambia hivyo mumewe hata mara moja. Alikaa. Binti alikuwa akijifuta macho kwa kiganja.

"Mama, sasa Baba..."

"Mimi siendi popote," Mzee alisema.

"Na wewe acha kulia, hujaitwa kulia," Sista Dozi alisema, lakini sauti haikuwa na makali. "Jumatano utanipeleka kliniki. Mimi, si yeye. Utamweleza daktari yote, usifiche. Umenisikia?"

Kisha akainuka, akachukua chungu cha ua akakipeleka kwenye sinki la jikoni. Aliumiminia udongo maji matupu, polepole, yakatoka chini yakiwa ya rangi ya chai, akarudia, akarudia tena mpaka yakatoka safi. Chupa ya mbolea akamkabidhi binti aondoke nayo. Miezi miwili ya maji tu, alisema, na tusikie nani atabisha.

Aliporudi mezani alifungua daftari katikati, akapiga mistari kwa rula. Mara hii hakuweka ukurasa kwa kila siku. Aliuweka mwezi mzima juu ya ukurasa mmoja, leo ikae chini ya jana. Akagawa safu mbili za saini.

"Wodini, zile dawa za hatari zinazofungiwa kabatini zilisainiwa na watu wawili," aliwaeleza. "Anayetoa na anayeshuhudia. Baba watoto, wewe utashuhudia. Usiposaini, kidonge hakitoki. Na nikikataa kusikia, unipigie kelele kama ulivyokuwa ukiwapigia makuli wa lori."

Mzee alisogeza kiti. Akasaini mahali alipoonyeshwa.

"Hiyo ni saini au mdudu amepondwa? Rudia."

Akarudia. Sista Dozi akachukua kalamu aweke ya kwake, akashuka nayo mpaka mstari wa kwanza, akasita. Binti aliinua macho.

"Leo," aliuliza, bila kumtazama yeyote, "ni tarehe ngapi?"

Mzee alimwambia, naye akaandika.