Bi Zuhura na Habari ya Kuwahi Ndege

Asubuhi niliyoondoka Ilemba sikujua ninakwenda wapi. Baba alikuwa amenipa jembe nikapalilie mahindi. Nililiegemeza kwenye ukuta wa jiko, nikaanza kupanda mlima. Mtu wa bondeni akitaka kuiona dunia lazima aupande ule ukuta wa milima, Lyamba lya Mfipa, mpaka upepo wa juu umpige usoni. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nikachoka na fimbo yake. Juu nilikuta lori la magunia, na jioni likanishusha Sumbawanga mjini, nikitetemeka kwa baridi, bila mwenyeji.

Kesho yake nilivutwa na mlio wa taipureta kwenye dirisha moja la serikali. Nilisimama hapo mpaka mwenye mashine akatoka nje. Alikuwa Bwana Habari wa Mkoa, mtu wa Mbeya, Mmoraviani, mwenye tai hata siku za matope.

"We kijana, unaviziaje dirisha la watu?"

"Shikamoo mzee. Nasikiliza."

"Marahaba. Unasikiliza nini?"

"Hiyo mashine. Inasema nini muda wote huo?"

"Inasema mkoa hauna petroli," akajibu. "Unajua kusoma?" Akaninyooshea kipande cha gazeti kilichofungia maandazi yake. Nilisoma mpaka kwenye doa la mafuta, nikamwambia sehemu iliyobaki ameshaila. Alicheka hadi akashika mlango. Siku hiyo hiyo nikawa tarishi wa Ofisi ya Habari, na hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini.

Ninyi mnaotuma habari kwa kugusa kioo, ngojeni niwaeleze tulivyofanya. Nilianza kwa kupeleka telegramu posta. Baadaye nikajifunza chumba cha giza, yaani pale tulipoosha filamu kwenye dawa mpaka sura za watu zijitokeze kwenye karatasi. Kisha nikapewa kalamu. Nilipelekwa Mpanda msimu mmoja chini ya Afisa Habari aliyependa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kuliko karatasi, nikarudishwa Sumbawanga nikiwa mwandishi kamili, ingawa cheti sikuwa nacho na sikukitafuta. Nilitaka tu kujua kila jambo linakwendaje, na kazi hii ndiyo pekee niliyowahi kuona ikimlipa mtu kwa tabia hiyo.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba habari inafuata gari. Gari letu lilikuwa juu ya mawe mwaka hadi mwaka. Misheni za Kikatoliki zilikuwa na Land Rover, simu ya upepo na jenereta. Padre akienda kufungua zahanati, alinipakia mbele. Nikifika, nakula, napiga picha, narudishwa hadi mlangoni. Unafikiri kesho yake gazetini kulikuwa na nini? Walokole waliokuwa wanajenga kanisa lao kwa kubeba matofali kichwani hawakuwa na gari, basi waliambulia mistari miwili chini ya bei za mazao. Waislamu wa ziwani walitokea mara moja kwa mwaka, siku ya Idi, na hata siku hiyo hawakufanya kitu, walihimizwa tu. Wazee wa matambiko ndio hao walioonywa. Ukisoma gazeti letu ungedhani Ufipa nzima Wakatoliki wanajenga na wengine wote wanasubiri kuambiwa la kufanya.

Mimi ni Mkatoliki. Nimebatizwa nikiwa mchanga na nitazikwa kwa rozari. Nayasema haya nikiwa ndani ya nyumba, na asiyependa aje anitoe.

Mhariri wa Mikoa, mkubwa wetu wa Dar es Salaam, nilimuuliza kwa simu kwa nini iko hivi. Alinijibu kwa sauti ya mtu anayetafuna, "Bwana mdogo, taifa hili halina dini. Sisi hatuandiki dini, tunaandika maendeleo."

"Basi na wenzetu wasio na gari wana maendeleo yao, mzee."

"Huko kwenu Sumbawanga mna habari gani zaidi ya uchawi?" akasema, akakata simu.

Jambo la pili ni ile habari ya kuwahi ndege. Ndege ndogo ilitua kwetu mara chache, nasi tulimkabidhi rubani bahasha ya habari na filamu. Sherehe ikipangwa baada ya ndege kuondoka, Bwana Habari aliomba hotuba mapema, akaandika habari yake jana yake: mgeni alishangiliwa, wananchi waliahidi kuzalisha zaidi, shukrani zilitolewa. Mara nyingi mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa, kwa sababu sherehe zetu zote zilifanana. Wote tulifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu.

Halafu ikaja Kasanga.

Ilikuwa baada ya watu kuhamishiwa huko, kijiji kipya kando ya ziwa, wengi mahali pamoja, vyoo havijakamilika. Kuhara na kutapika kukaanza, nyumba hadi nyumba. Nilishuka kule juu ya lori la chumvi. Zahanati ilikuwa imejaa mpaka uani. Mwalimu wa madrasa, Mwalimu Issa, mvuvi mwenye ndevu nyeupe na mdomo mkali, alikuwa ametoa mbao za kuandikia nje na kugeuza chuo chake wodi. Mkewe, Bi Zuhura, ndiye aliyeiendesha. Alichemsha maji kwenye mapipa ya mafuta, akatia chumvi na sukari, akawanywesha watu kijiko kwa kijiko. Katekista alilala hapo akimsaidia. Mganga wa miti shamba alilala hapo.

Nilimkuta Bi Zuhura ameinamia jiko. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni wa gazeti.

"Gazeti linabeba maji?" akaniuliza.

"Halibebi, mama."

"Basi weka hiyo kamera, kamata ndoo."

Nikakamata ndoo. Baadaye alinipa ruhusa ya picha moja, na hata nilipompiga alikuwa anamkaripia katekista aliyesinzia kando yake.

Padre Anselmi, mzaliwa wa Mwazye, alifika na dripu na dawa alizozifuata mbali, na dawa zile zilisaidia sana. Nani anabisha? Lakini alipofika, kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika, na Bi Zuhura mwenyewe alikuwa ameshalala kwenye mkeka miongoni mwa wagonjwa wake. Hakuamka. Tulimzika kabla ya jua kukaa sawa, Padre akiwa kati ya waliobeba jeneza.

Niliandika yote. Jina lake niliweka kwenye mstari wa kwanza. Gazeti lilipofika, kichwa kilisema: MISHENI YAOKOA KASANGA. Picha yangu ilikatwa, akabaki katekista peke yake. Madrasa iliitwa "jengo moja la kijiji". Bi Zuhura hakuwamo kabisa. Nikaomba masahihisho, ile aya ndogo ya gazeti kukiri kosa. Bwana Habari akanitazama kwa huruma. "Gazeti la umma likikiri kosa, umma utaamini nini?"

Ikatangazwa sherehe. Mkubwa wa serikali angekwenda Kasanga kumpa Padre hati ya shukrani. Ndege ilikuwa inaondoka kabla yake. Bwana Habari akaniita, "Andika ya kuwahi ndege. Padre apokee, ashukuru, ahimize usafi."

"Siandiki."

"Unasemaje?"

"Nasema siandiki, mzee. Nani anajua Padre atasema nini?"

"Mapadre wote husema asante!" akafoka. Akaivuta taipureta, akaandika mwenyewe.

Siku ya sherehe nilikuwa Kasanga, nimesimama nyuma na filamu yangu. Padre Anselmi aliitwa mbele. Aliipokea ile hati kwa mikono miwili, akaisoma kimya, kisha akageuka na kuita, "Mwalimu Issa, njoo hapa." Mzee akaja akikokota ndala. "Hii imekosea anwani," Padre akasema kwa sauti ya mimbarini. "Mimi nilileta chupa. Mke wa huyu alileta roho yake." Akamkabidhi. Wanawake wakapiga vigelegele na kilio kwa pamoja. Mgeni wa heshima alipiga makofi bila kujua anapigia nini.

Gazeti lilitoka na ya Bwana Habari. Padre alipokea, alishukuru, alihimiza usafi. Ya kwangu iliyofuata kwa basi ilirudi na neno moja la Mhariri wa Mikoa: imeshatoka.

Nilimwendea Mwalimu Issa, nikamwambia nimeshindwa. Akaendelea kushona wavu. "Jamaa zake wako Kigoma, wako Ujiji, wako ng'ambo huko," akasema. "Mpaka leo hawajajua amekufaje. Hata sikuwahi kumtangaza redioni."

Hapo ndipo nilipopata mlango. Enzi zile jioni nchi nzima ilinyamaza kusikiliza matangazo ya vifo. Tangazo la kifo halipiti kwa Mhariri wa Mikoa. Ni la mfiwa, na husomwa kama lilivyoletwa. Tukaliandika pamoja, Mwalimu akisema, mimi nikiandika, nikalipia posta kwa pesa yangu.

Nililisikia nikiwa nimesimama kwenye duka mjini Sumbawanga. Msomaji, kwa sauti ile nzito ya msiba, alisema: Mwalimu Issa wa Kasanga anasikitika kutangaza kifo cha mkewe, Bi Zuhura, aliyefariki kwa ugonjwa alioupata akiuguza watu wa Kasanga, Waislamu, Wakristo na wasiosali, katika chuo cha madrasa. Habari ziwafikie ndugu zake wa Kigoma na Ujiji. Bwana Habari wa Mkoa, Sumbawanga. Mhariri wa Mikoa, Dar es Salaam. Na wagonjwa wote waliopona, popote walipo.

Mwenye duka alisahau kunirudishia chenji.

Kesho yake Bwana Habari alikuwa amesimama katikati ya ofisi. "Umenitangazia msiba mimi? Watu wamekuja kunipa pole nyumbani! Mke wangu ameanza kupika!"

"Na wewe ulifiwa, mzee, ila hukujua."

Alirudi mezani kwake. Kisha akaniambia nikabidhi kamera. Niliikabidhi. Sijamwomba msamaha mpaka leo, na Mungu amrehemu huko aliko.

Baada ya hapo nimefanya kazi nyingi: mshika kinasa sauti, mwendesha mashine ya chapa, karani wa bandari, mwandishi tena chini ya wakubwa wengine. Nimestaafu bila pensheni ya maana. Vijana hunijia na kuuliza kama siku hizi mambo yamebadilika. Magari yamekuwa mengi, nawajibu, lakini hebu angalieni nani bado anajenga na nani bado anahimizwa. Mkiona ni vilevile, msikae kuniuliza mimi. Kaeni mwandike. Wakikata, tafuteni mlango mwingine.

Ila asubuhi ile nilipokabidhi kamera sikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa na koti na njaa. Nikatoka ofisini, sikupanga pa kwenda, nikadandia lori lililokuwa linanguruma tayari kuondoka. Lilipita Matai, likashuka, hewa ikawa ya joto, nikaliona ziwa.

Mwanamke aliyekuwa anaanika dagaa alininyooshea kidole kabla sijashuka vizuri. "Huyu ndiye aliyewapelekea wakubwa habari!" Watu wakacheka, wakanizunguka. Mwalimu Issa akatoka, akanitazama kutoka kiatu hadi nywele.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza."

"Ulitegemea wakupe hati?" Akachukua mkoba wangu, akanipeleka nyuma ya chuo, kwenye chumba kidogo kilichopakwa chokaa upya. "Hapa ndipo alipoweka ndoo zake. Utalala, au utaogopa?"

"Nitalala."

"Lala hata mwaka." Alisimama mlangoni, akakumbuka kitu. "Ninyi Wakatoliki si mnakula samaki Ijumaa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi jizoeze," akasema. "Hapa kila siku ni Ijumaa."