Siku Bibi Alipokwenda Kibandani Kumtafuta Babu

Wiki iliyopita rafiki niliyesoma naye chuo alinipa flashi yenye gemu moja la zamani. Sina kazi bado, na mtu asiye na kazi hana sababu ya kukataa gemu, kwa hiyo nililiweka kwenye kompyuta mchana uleule. Likaniuliza nataka kuwa nani: mpiga upanga, mrusha mishale, au yule mchawi mwembamba anayeita mifupa. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwa mchawi, kama mkono wa mtu anayejikuna usingizini. Nikaua adui wa kwanza, nikabonyeza, maiti ikapasuka na kiunzi chake kikainuka kwa ule mlio wa muwa unaotafunwa. Nikafunga kompyuta. Nikaenda kunawa mikono, nikarudi, nikaona bado, nikanawa tena.

Ngoja nikuambie mlio ule nilianza kuusikia wapi. Nilikulia kijijini Miteja, kwa bibi na babu waliomzaa mama. Msimu wa korosho mabibo yalioza chini ya miti mpaka hewa yenyewe ikawa chachu, na inzi wakalewa wakashindwa kuruka. Bibi alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, tukaila kwa chumvi huku udongo wake umebaki kwenye kucha. Kazi yangu ilikuwa kuokota korosho na kuchota maji. Nikimaliza, nilikimbilia kibanda cha gemu kilichokuwa barabarani.

Watu husifu vitu vya utotoni. Mimi kibanda kile siwezi kukisifu. Kilikuwa cha mabati, bila dirisha, na kompyuta mbili ambazo vitufe vyake vilinata kwa jasho na mafuta ya mihogo ya kukaanga. Wateja walikojoa nyuma ya ukuta, na jua likipanda ukuta ulitusimulia kwa harufu. Mwenye kibanda alikuwa na tabia ya kuweka mguu mmoja juu ya kiti ulichokalia, akachokonoa kucha huku akikupa ushauri.

Gemu lilikuwa hilohilo, na wenzangu walichagua mpiga upanga. Mimi niliogopa kupigwa, hata kwenye gemu. Mchawi hapigwi. Anasimama nyuma, mifupa inatangulia, inavunjwavunjwa, naye anaita mingine kutoka kwa haohao waliouawa. Haipumziki, haili, haimuulizi kwa nini. Watoto waliuita mchezo ule kufuga misukule, maana kwetu msukule kila mtu anamjua: mtu mliyemzika kwa mikono yenu, kumbe amechukuliwa kichawi, analimishwa shambani kwa mtu na hana ulimi wa kulalamika. Nilicheka nao. Sasa nikifikiria ule ushujaa wa kukaa nyuma ya maiti, na nimeufikiria mno, naona aibu.

Babu alikufa wakati wa kuvuna ufuta. Alikuwa na goti bovu la kulia, alitembea akiliburuta, na mchanga wa uani ulibaki na mfereji wa mguu wake. Msibani kwetu mtani hakosi. Ni mtu wa ukoo ambao tumetaniana nao tangu zamani, na kazi yake ni kuwachekesha wafiwa hata wakikasirika. Mtani wetu alivaa kofia ya babu na koti lake, akapita katikati ya mikeka akiburuta goti na kukohoa vilevile kama yeye. Kisha akaninyooshea kidole.

"Mnalia nini nyie? Mzee hajafa! Mwizi wenu huyu hapa! Kamtia kwenye kompyuta, anamlimisha bure!"

"Mrudishe, we mchawi mdogo!" akadakia mama mmoja kutoka jikoni, na watu wakacheka mpaka wakajifuta macho kwa kanga. Bibi naye alicheka. Niliyaona meno yake.

Matanga yakaanuliwa, kicheko kikaisha, na bibi akaanza kuuliza.

"Mume wangu," aliniita hivyo siku zote, "wale wako wa kibandani wanakula?"

"Hawali, bibi. Ni picha."

"Hata maji?"

"Bibi, yule alikuwa anatania."

"Najua alikuwa anatania. Nimeuliza tu."

Siku nyingine akauliza kama wanalala. Kisha akaanza kuacha ming'oko kwenye sahani, kitambaa juu, bila kusema ni ya nani. Yeye mwenyewe alionja tu. Kanga iliyokuwa ikimtosha ikaanza kumzidi, na mimi nikaanza kumhesabu kama mtu tutakayemzika baada ya babu.

"Nipeleke nikamwone," aliniambia mchana mmoja, akajitanda kanga ya pili kama anayekwenda hospitali kumtazama mgonjwa.

Mwenye kibanda alimwamkia shikamoo huku tayari anacheka. Bibi akajibu marahaba, akakaa juu ya kreti ya soda. Nikafungua gemu. Mifupa ikanifuata, kundi zima, ikigongana. Bibi akasogeza uso karibu sana na kioo. Mmoja alikuwa amekwama kwenye jiwe, kama wanavyokwama, anatembea palepale, mguu unasugua chini, hafiki.

"Yule wa nyuma," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Goti."

"Bibi, kakwama tu."

"Mwachie, mume wangu. Mwambie inatosha."

Kulikuwa na kitufe cha kuwaachia. Nikabonyeza, wote wakaporomoka wakawa rundo. Bibi akashusha pumzi, akaanza kusoma Fatiha. Ingeishia hapo. Lakini mwenye kibanda alipitisha mkono wake wenye mafuta juu ya bega langu, akabonyeza, na kiunzi kimoja kikainuka.

"Huyo karudi kazini! Bibi, mzee wako hana likizo!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko, naye kwa kuwa wamecheka akarudia. Akaangusha, akainua. Nimeishi hosteli ambazo vyoo vyake sitavieleza, lakini sijaona kitu cha kutia kinyaa kama kile kidole chenye mafuta kikishuka na kupanda. Bibi aliziba mdomo kwa kanga. Fatiha ilikatikia katikati.

Mtani wetu alikuwa akipita na baiskeli, akasikia kelele, akaingia. Nilidhani ataongeza lake. Alimtazama bibi, akazima swichi ya ukutani, kompyuta zote mbili zikafa, akachuchumaa mbele ya kreti.

"Mtani, nani alishuka kaburini?"

"Wewe."

"Miguu yake nani kaipokea?"

"Wewe."

"Basi nisikilize. Lile goti nililinyoosha kwa mkono huu. Likanyooka kama la kijana. Sikuliacha limekunjwa."

"Ulilinyoosha?"

"Wallahi, nililinyoosha."

Bibi akautazama mkono ule. "Wewe ni mwongo," alisema. "Maisha yako yote mwongo."

"Mwongo kweli. Lakini si kaburini."

Jioni ile bibi aliondoa kitambaa kwenye sahani, akala ming'oko yote, akaniagiza chumvi nyingine.

Kibanda kimeshavunjwa, na sikukisikitikia. Mtani naye ametangulia. Bibi alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, na nilipofika walikuwa wamekwisha kuzika. Msibani hapakuwa na mtu aliyevaa kanga yake wala kuiga mwendo wake. Vijana wa ukoo ule wa watani walituma vikatuni vya kucheka kwenye kundi la familia la simu, wakaona wametimiza utani. Nilitazama zile nyuso za njano zikitoa machozi ya kicheko, nikazima simu.

Nikauliza nani alishuka kaburini. Mama mdogo akasema ni mjomba. Mjomba akasema ni vijana. Vijana wakasema palikuwa na watu wengi. Na miguu, nani aliipokea? Wakanitazama kama ninayetafuta kosa.

"Umesoma sana wewe," mjomba aliniambia. "Kula pilau."

Nikala. Mafuta yaliganda kwenye kaakaa langu. Miguu ya bibi ilikuwa ya baridi siku zote, alipenda ifunikwe vizuri, na mpaka leo sijapata mtu wa kuniambia ililazwaje.